Gari Aliloliacha Bila Riteni

Mwanangu alipofariki, tenki la mafuta la gari lake lilikuwa chini ya upenu wa jiko, limelala ubavu, mdomo umezibwa kwa kipande cha shati kuukuu. Gari lenyewe lilikuwa uani juu ya matofali, boneti wazi. Waombolezaji waliojaa nyumbani kwetu Kasulu walikalia kila kilichokalika, na mmoja wao, mzee mwenzangu wa kanisani, akalikalia lile tenki. Nilimwondoa kwa ukali mpaka watu wakageuka kutazama. Tangu asubuhi nilikuwa sijatoa chozi. Nilipomwinua mzee wa watu kutoka juu ya bati lile ndipo nilipolia, naye akanishika mkono badala ya kunikasirikia.

Niseme mapema nilichokuwa nakitaka katika mwaka uliofuata, maana kila nilichofanya nilikifanya kwa ajili ya hicho. Nilitaka mkamwana wangu asiondoke. Mwanangu alikuwa amekwenda na kwa hilo sikuwa na la kufanya, lakini aliacha mke na binti mdogo wa miaka minne, na hao walikuwa bado wanalala nyumba ya pili uani kwangu. Kwetu, mjane hukaa kwa mumewe mpaka siku ya kuondoa kilio, siku tunayoiita kuganduka, ambayo hufanywa mwaka ukikaribia kutimia. Siku hiyo kaka zake huja, watu hukaa, naye huulizwa mbele ya wote kama anabaki au anarudi kwao. Kwao ni Kibondo. Nilikuwa na muda mpaka siku hiyo kumpa sababu ya kubaki, na sababu niliyoiona mimi ilikuwa gari.

Gari lilikuwa ahadi yake. Mkamwana wangu alifanya biashara ya maharage na unga wa muhogo. Alikuwa akivinunua hapa mjini na kuvipeleka siku za soko upande wa Nyarugusu, karibu na kambi ya wakimbizi, kisha anarudi na vitenge alivyonunua kwa Wakongo. Safari zote hizo alikwenda nyuma ya bodaboda, magunia yamefungwa kwa mipira, jua na mvua vyake. Mwanangu alikuwa fundi wa kuchomelea, lakini moyo wake ulikuwa kwenye magari. Akanunua gari dogo kuukuu ambalo injini yake ya kabureta ilikuwa imekufa, kisha akapata injini nyingine, ya nozeli, kutoka kwenye gari lililopinduka. Akaifunga mwenyewe, uani, Jumapili baada ya Jumapili, mkewe akimshikia hiki na kile na kumcheka.

Kwa wale ambao hawajawahi kufunua boneti, nieleze kidogo. Kabureta ina subira, unaimiminia mafuta taratibu nayo inaridhika. Injini ya nozeli haina subira hata kidogo. Inataka pampu yenye nguvu isukume mafuta muda wote, mengi kuliko yale inayoyachoma, na yanayobaki yawe na njia yake ya kurudi kwenye tenki. Njia hiyo mafundi wanaiita riteni. Tenki la gari lile halikuwa nayo, lilijengwa kwa ajili ya kabureta, na ndiyo maana mwanangu alikuwa amelishusha. Alitaka kulitoboa na kulifungia paipu ya pili. Alishaliosha mara moja na kuliweka pale upenuni likauke.

Jumamosi moja alimpeleka mkewe sokoni kwa pikipiki, akamshusha na magunia yake, akawa anarudi peke yake. Lori lilimkuta kwenye kona upande wa Makere, barabara ikiwa imelowa. Mimi nimeendesha malori karibu maisha yangu yote, kona ile naijua, na kichwani nimeshaipita kwa kila mwendo unaowezekana. Sitaki kuieleza zaidi ya hapo.

Sasa kuna jambo moja kati yangu na mkamwana wangu ambalo asiyetoka kwetu anaweza kuliona kama uhasama. Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi mimi nikiwa mgongoni mwa mama. Leo sisi ni Watanzania wa kupiga kura na kulipa michango, lakini desturi zilivuka pamoja nasi, hazikuulizwa karatasi. Mkamwana na baba mkwe hawazoeani. Hanitaji jina. Hali chakula mbele yangu. Hanitazami usoni na hanipi kitu mkono kwa mkono; anakiweka chini, anarudi nyuma, ndipo nakichukua. Akiwa na neno kwangu anampa mke wangu alilete, au anamtuma mtoto. "Genda ubwire sokuru," namsikia akimwambia mjukuu wangu, nenda ukamwambie babu yako, nami niko pale pale nasikia kila kitu, na bado nasubiri mtoto afike aniambie.

Mwanangu alikuwa akitucheka sana. "Baba, nyinyi wawili mnaishi kama wapangaji waliogombania choo." Lakini mkamwana wangu alilelewa na bibi yake huko Kibondo, akalelewa vizuri, na mimi heshima yake niliithamini. Nilimpenda kama mtoto wangu wa kumzaa. Ila upendo huo haukuwa na mlango wa kupitia, na mume wake alipokuwa hai sikuwahi kuona kwamba ni tatizo.

Miezi ilipita kabla sijalishika tenki. Nilipolitoa upenuni mke wangu alisimama mlangoni akanitazama.

"Mzee wewe, huo mgongo wako wenyewe unataka fundi. Utaingiaje chini ya gari?"

"Mgongo wangu hauko chini ya serikali ya kijiji."

"Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi."

"Idi si sikukuu yetu," nikamwambia, naye akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. Fundi mmoja wa mjini, rafiki wa marehemu, alikuja kujitolea amalizie kazi bure. Nilimshukuru, nikampa chai, nikamkatalia. Sikutaka mkono mwingine uguse kazi ya mwanangu. Huo ulikuwa ubishi, nakubali, na ningeurudia.

Kutoboa tenki lililokaa na petroli ni kuchezea mauti. Mafuta yakiisha mvuke unabaki, na cheche moja inatosha kukuondoa wewe na paa la jirani. Nililiosha kwa maji ya sabuni, nikalisuuza, nikaliacha juani mdomo wazi siku kadhaa, nikaliosha tena. Kisha nikalijaza maji karibu na juu na kulitoboa kwa keke ya mkono, polepole, drili ya umeme nikiwa nimeiweka mbali. Mjukuu wangu alikaa kwenye ngazi ya baraza, nilikomwamuru akae, akiuliza kila mara kama baba yake ndiye aliyeniagiza. Nilimjibu ndiyo. Tundu lilipotokea nilifunga kiungo cha shaba, washa ya mpira usioogopa petroli juu na chini, nikakaza nati. Nikamwaga maji, nikalikausha, nikalijaza upepo kwa mdomo nikisikiliza kama linapumua. Halikupumua, nikafurahi mpaka nikajishangaa.

Kazi ya chini ya gari ndiyo iliyochukua muda. Paipu ya kwenda na paipu ya kurudi zote zilitakiwa kupita upande usio na ekzosi, zishikiliwe kwa vibano kila baada ya kipande, zisicheze, zisisuguane na chuma. Nililala chini juu ya gunia, macho yakiingia vumbi. Na hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo sijamsimulia mtu, hata mke wangu, ingawa nadhani alikuwa analiona kupitia dirisha la jiko.

Nilikuwa nikimwita mjukuu, "Nipe spana kumi na nne." Nikasikia nyayo zinakuja, nyayo za mtu mzima, si za mtoto. Spana ikawekwa chini juu ya tofali, karibu na mkono wangu, kisha nyayo zikarudi nyuma. Nikaishika. Ilikuwa kumi na nne. Mjukuu wangu alikuwa hajui kuhesabu hata vidole vyake. Sikugeuza shingo wala sikusema asante, maana ningemwaibisha. Kesho yake nikaomba bisibisi ya nyota, ikaja ya nyota. Akitoka sokoni, kabla hata hajabadilisha nguo, alikuja kusimama mahali fulani nyuma ya gari ambapo niliona miguu yake tu, na mimi nikawa naomba vifaa kwa jina la mtoto. Yeye alishazijua zile spana kwa kumshikia mumewe. Basi tukawa tunafanya kazi pamoja, kila mmoja akijifanya hayupo, na katika mwaka ule mbaya sikuwa na saa nzuri kuliko hizo. Nilianza kuamini kwamba anabaki.

Nilikosea mwishoni, mahali pasipostahili kukosewa. Injini ya nozeli ina reli, bomba linalogawa mafuta kwa nozeli zote. Mwisho mmoja yanaingia. Mwisho wa pili kuna kidude cha mviringo kinachozuia mafuta yasirudi ovyo, na hapo ndipo riteni inapofungwa. Mimi ni mtu wa dizeli. Kwenye malori yangu mpangilio ulikuwa mwingine, na kwa kujiamini kwangu nikafunga paipu ya pampu kwenye mwisho wa kurudi, na riteni nikaifunga mwanzoni. Nikazikaza vizuri sana.

Mjukuu akaja, ametumwa. "Sogokuru, mama anasema baba alisema ile paipu inaingia upande ule mwingine."

Watu wa rika langu tukisahihishwa na mkamwana, hata kwa mdomo wa mtoto, tunaona dunia imeinama. "Mwambie mama yako, mimi nimeendesha malori kabla hajazaliwa."

Mtoto akaenda, akarudi. "Mama anasema ego." Ndiyo, Baba. Hakuongeza kitu. Kwa desturi alikuwa ameshasema zaidi ya anachoruhusiwa.

Jioni ile nilifunga betri nikawasha. Pampu ililia, injini ikakohoa mara moja na kunyamaza. Nikajaribu tena na tena mpaka betri ikachoka. Nilimlaumu aliyeuza pampu, nikamlaumu aliyeuza injini, nikaingia ndani bila kumsalimu mtu. Asubuhi nilipofungua boneti nilikuta uzi wa kitenge chekundu umefungwa kwenye mdomo wa reli, upande ule mwingine, kifundo kizuri kama cha kufunga mzigo wa sokoni. Nilisimama pale nikaucheka ubishi wangu mwenyewe, kisha nikabadilisha paipu, ile ya pampu nikaifunga palipofungwa kitenge. Nikaazima betri kwa jirani.

Gari likawaka. Lilitetemeka kwanza, likapata sauti yake, likatulia. Nilitazama chini, hakuna tone. Nikashika kiungo cha riteni kwa kidole nikahisi mafuta yanapita ndani yanarudi kwenye tenki, baridi, bila kukoma. Nikaingia nikakaa kwenye usukani nikakanyaga mafuta kidogo ili nyumba nzima isikie. Mkamwana wangu alitoka jikoni akikimbia, mikono imejaa unga, kitenge kimeteleza kichwani. Alifika katikati ya uani. Alinitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kisha akafunika mdomo kwa mkono ule wa unga, akageuka akarudi ndani.

Mimi nikadhani ni furaha. Nilimwambia mke wangu, "Umemwona alivyokimbia?" Mke wangu alikwenda jikoni kumfuata akakaa naye huko mpaka chakula kikaungua. Wanawake walishajua siku hiyo. Mimi nilibaki uani nikilifuta gari vumbi na kutengeneza maneno nitakayoyasema siku ya kuganduka.

Siku hiyo ilifika. Kaka zake walikuja kwa basi kutoka Kibondo, na kina shangazi, na ndugu zangu kutoka Muyama. Tuliosali kanisa moja tulikunywa soda, wa kanisa lile jingine wakanywa urwarwa, pombe yetu ya ndizi, na kila upande ukausikitikia ule mwingine. Sala ikafanywa. Jembe likashikwa, kuonyesha kwamba kazi za nyumba ile zinaanza tena. Kisha msemaji wa upande wa kaka zake akamuuliza lile swali, anabaki au anarudi kwao.

Nikaomba niseme kabla hajajibu. Nilisimama. Nilisema kwamba nyumba ile ni yake, na shamba la upande wa bondeni ni lake, na lile gari wanaloliona pale ni lake, linatembea, nimelimalizia kama mumewe alivyotaka, na kuanzia sasa hatapanda tena bodaboda na magunia. Nilisema biashara yake iko hapa. Sauti ilinitoka vizuri mpaka mwisho, na niliona ndugu zangu wanatikisa kichwa kunikubali. Nikakaa nikiwa na tumaini kubwa.

Yeye alimgeukia mke wangu, kama inavyopasa, akasema naye, ingawa watu wote walikuwa wakisikiliza.

"Mama, nimekaa vizuri hapa. Sijalala njaa, sijatukanwa. Nilitaka kubaki. Hata nguo zangu sikuwa nimezifunga. Lakini siku ile gari lilipowaka nilitoka jikoni nikijua ni yeye. Sikufikiri ni yeye, Mama, nilijua. Nikafika nje nikamkuta Baba." Akajifuta macho. "Likiwa hapa nitatoka jikoni kila siku. Na likiuzwa, nitakuwa nalisikia hata kama halipo. Naomba mniruhusu niende kwetu."

Uchungu wa mwana aujua mzazi, ndivyo wasemavyo, na mwaka mzima nilikuwa nimeuchukulia uchungu ule kuwa wangu na wa mke wangu. Nilikuwa namtengenezea sababu ya kubaki, na kumbe nilikuwa namfufulia mume kwa sauti na kumzika tena kila ninapozima. Nilitamani kusimama niseme nitalibomoa, nitalipeleka kwa wauza vyuma leo hii. Lakini alishasema. Mtu akishasema hivyo mbele ya watu wa pande mbili, kumbembeleza ni kumvunjia heshima.

Msemaji wetu akakohoa. "Na mtoto?"

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba. Mdogo wangu wa Muyama hakusubiri hata nijibu, alisema, "Mtoto ni wetu, hilo halina mjadala." Kaka zake mkamwana wakainamisha vichwa, kwa sababu walijua ni kweli. Kama ningetikisa kichwa tu kukubali, mjukuu wangu angebaki. Nilimtazama. Alikuwa ameegemea goti la mama yake na chupa ya soda, midomo imekuwa myekundu kwa rangi, ana uso wa mwanangu wote, paji, masikio, kila kitu. Nilimtaka. Sijawahi kutaka kitu hivyo, na Mungu anajua.

"Mtoto atafuatana na mama yake," nikasema.

Mdogo wangu alisimama akatoka nje. Mke wangu aliinuka polepole akaenda jikoni, na nikasikia anafungua bomba la ndoo na kuacha maji yatiririke ili asisikike. Nikaongeza kwamba nitawapeleka mwenyewe, kwa gari la marehemu, kwa sababu mizigo yao ni mingi kwa basi.

Tuliondoka asubuhi. Kaka mkubwa wa mkamwana wangu alikaa mbele pamoja nami, mtoto mapajani mwake. Wale wengine walitangulia kwa basi. Mkamwana wangu alikaa nyuma katikati ya mabunda ya vitenge na sufuria zake. Mke wangu alimbusu mjukuu kichwani mara nyingi, akaingia ndani kabla hatujatoka, kwa sababu alisema moshi wa gari unamwumiza macho. Tulipokaribia kona ya Makere nilipunguza mwendo mpaka gari la nyuma likanipigia honi. Kwenye kioo nilimwona amejifunika kitenge uso mzima.

Baada ya hapo ni milima na mabonde, kupanda na kushuka, mpaka kuvuka daraja la Malagarasi na kuendelea. Nitasema ukweli: nilitamani lizime. Kwenye kila mlima nilisikiliza kama pampu italegea, kama mafuta yatakosa nguvu, kama patatokea japo harufu ya uvujaji nipate sababu ya kusimama, kugeuza, kusema tujaribu wiki ijayo. Lilipanda milima yote bila kukata sauti. Kaka yake alilisifia. "Baba, gari limefungwa vizuri hili." Nikamwambia asante.

Kibondo walitupokea kwa chakula, ugali na maharage yenye mawese, nami nikala kwa adabu. Nilipoinuka kuondoka watu walinisindikiza mpaka garini, na mkamwana wangu akasimama nyuma yao. Kisha nikamsikia. "Genda ubwire sokuru..." alianza kumwambia mtoto, halafu akakatiza. Akamwacha mtoto kwa bibi yake wa pale Kibondo, akaja mwenyewe mpaka dirishani kwangu, macho chini.

"Baba, asante. Na yeye angelifunga hivyo hivyo."

Nilikuwa sijawahi kusikia sauti yake ikielekezwa kwangu. Ilikuwa sauti nzuri, ya chini, na niliielewa ilivyokuja. Mwanamke anayeweza kusema nami hivyo, dirishani, bila mtu katikati, si mkamwana wangu tena. Nilimwambia, "Ihangane, mwana wanje," vumilia mwanangu, nikawasha gari haraka.

Mjukuu wangu alikimbia akafika mlangoni mwa gari, akimtaka na bibi yake wa Kasulu. "Sogokuru, unakwenda kumchukua nyogokuru?"

"Ego," nikamjibu. Akarudi nyuma akafurahi, akanipungia mkono akinihimiza niwahi.

Nilifika Kasulu jua bado liko juu. Mke wangu alikuwa barazani akipembua maharage kwenye ungo, na nyumba ile ya pili ilikuwa imefungwa mlango, imefagiliwa. Nikazima gari nikakaa ndani yake kidogo. Mke wangu akauliza bila kuinua kichwa.

"Limesumbua njiani?"

"Halikusumbua."

"Linavuja?"

"Hata tone."

Akaendelea kupembua, akitoa vijiwe na kuviweka pembeni. Kisha mikono ikasimama juu ya ungo, akanitazama.

"Sasa," akasema, "tutakuwa tunakwenda nalo wapi?"